Kazadi Mwamba, golikipa mwenye walimtoa dakika ya 21

Kwenye viwanja vya hapa Kalengera, sawa na vya Goma, Rutshuru ao Bukavu, watoto wakigawana ili wacheze kabumbu, mwenye hajui sana kupiga mpira ndiye wanamsukuma golini. Kazi ya golini inaonekana kama azabu. Ukidaka, watu wanasema ni kazi yako. Ukikosa mara moja tu, jina lako linabaki kwenye midomo ya watu miaka na miaka. Wazee wetu wenye walifuata mpira wa wakati wa Zaire wanalijua jambo hilo vizuri, juu golikipa mkubwa kuliko wote katika historia ya inchi hii wengi wanamkumbuka kwa dakika 21 za mechi moja tu. Jina lake Robert Kazadi Mwamba.

Vijana wanamjua Kidiaba, yule wa kurukaruka kwa matako kiwanjani. Kazadi alikuja mbele yake miaka 40, na makombe yenye aliyachukua si madogo. Leo tunataka kuhesabu yote, magoli mabaya na mazuri, bila kuficha.

Alizaliwa tarehe 6 mwezi wa tatu mwaka 1947, wakati inchi ilikuwa bado mikononi mwa Wabelgiji. Ekipe yenye ilimpa jina ni ile ya Élisabethville, mji wenye leo tunauita Lubumbashi. Ekipe hiyo ilianzishwa mwaka 1939 na mapadri Wabenediktini wa shule ya Saint-Boniface. Mwanzoni iliitwa Saint-Georges, kisha Saint-Paul, kisha ikachukua jina la Englebert, kampuni ya matairi ya Ubelgiji. Ndiyo, Mazembe ya leo ilikuwa inabeba jina la matairi. Jina Mazembe lilikuja miaka ya mwanzo ya 1970, wakati Mobutu aliamuru kila kitu kiwe na jina la kienyeji.

Mwaka 1966 tuukamate vizuri, sababu bila mwaka ule hadisi ya Kazadi haieleweki. Inchi ilikuwa imechoka. Matengano ya Katanga yalikuwa yameisha mwanzoni mwa 1963, na vita vya Wasimba vya 1964 vilikuwa vimeacha makaburi mengi huku kwetu mashariki. Mobutu alikamata utawala mwezi wa kumi na moja 1965. Mwaka uliofuata majina ya miji yakaanza kubadilika: Léopoldville ikawa Kinshasa, Stanleyville ikawa Kisangani, Élisabethville ikawa Lubumbashi. Mobutu alielewa haraka kwamba mpira unaweza kukusanya watu wenye siasa imewatawanya. Akawarudisha nyumbani wachezaji wenye walikuwa wanacheza Ubelgiji, na tangu hapo mpira ukawa kazi ya serikali.

Katika hali hiyo ndimo Englebert ilifanya mwaka wake wa ajabu. Ilichukua ubingwa wa Katanga. Ikachukua ubingwa wa inchi nzima. Kisha ikachukua Kombe la Congo. Makombe matatu katika mwaka mmoja, na juu ya kucheza bila kufungwa watu wakaiongezea jina la Tout Puissant, maana yake mwenye nguvu zote. Zile herufi mbili, TP, zenye watu wanaandika ukutani na nyuma ya magari mpaka leo, zinatoka pale. Mwaka 1967 ikachukua Kombe la Congo tena.

Kwa wenye hawajafuata, tueleze kidogo namna mashindano ya wakati ule yalikuwa. Hakukuwa ligi moja yenye ekipe za inchi nzima zinapishana kila wiki. Kila jimbo lilikuwa na bingwa wake, kisha mabingwa wakakutana. Kutoka Lubumbashi mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilometa 1,500, na barabara kila mtu anazijua. Na kombe ni kombe: mwenye amepoteza anarudi nyumbani. Kwenye ligi ukifungwa leo utarekebisha siku ya mungu ijayo. Kwenye kombe hakuna kesho. Mshambuliaji anaweza kukosa magoli manne na kupiga la tano, wakamwita shujaa. Golikipa akikosa moja, ekipe nzima inapanda ndege kurudi. Kwa maoni yetu, ndiyo sababu ekipe zenye zinashinda makombe mara nyingi ni zile zenye golikipa wa kutegemea, na Englebert ilikuwa naye.

Ubingwa wa inchi ulifungua mlango wa Afrika. Mwaka 1967 Englebert ikafika fainali ya kombe la mabingwa wa Afrika, mbele ya Asante Kotoko ya Ghana. Mpira wa Ghana wakati ule ulikuwa juu kabisa: taifa lao lilikuwa limechukua Kombe la Afrika mwaka 1963 na 1965. Kule Kumasi ikawa 1-1. Mechi ya marudio ikawa 2-2. Wakapanga mechi ya tatu kule Yaoundé, Cameroun. Englebert ikafika, Kotoko haikufika. Kombe likaletwa Lubumbashi.

Watu wa Kumasi wanasikia uchungu mpaka leo, wanasema habari ya mechi ile haikuwafikia kwa wakati, na shirikisho lao ndilo lilinyamaza. Inawezekana. Kombe la kupewa bila kucheza halina utamu wote. Lakini ili ufike kwenye mechi ya tatu ilipaswa kwanza usifungwe Kumasi, na hiyo Englebert ilifanya.

Mwaka 1968 hakuna mwenye alibisha. Englebert iliipiga Étoile Filante ya Lomé 5-0 nyumbani, ikaenda Togo kufungwa 4-1, hesabu ikawa 6-4. Ile mechi ya Lomé inaonyesha kombe ni nini: magoli matano yalikuwa kama mto wa kulalia, lakini manne yakaingia na mto ukabaki mwembamba sana. Kwa vyovyote, Englebert ikawa ekipe ya kwanza ya Afrika kulinda ubingwa wake.

Lakini kazi kubwa ya Kazadi ya mwaka ule ilikuwa na taifa. Mwezi wa kwanza 1968, Kombe la Mataifa ya Afrika lilichezwa Ethiopia, katika miji ya Addis Ababa na Asmara, wakati Asmara ilihesabiwa bado ndani ya Ethiopia. Kocha wa Congo alikuwa Ferenc Csanádi, mtu wa Hungaria. Kazadi alikuwa hajatimiza hata miaka 21.

Walianza kwa kuwapiga ndugu zetu wa Brazzaville 3-0. Ghana ikawafunga 2-1. Senegal wakaipiga 2-1, wakapita. Nusu fainali wakakutana na wenyeji Ethiopia, mbele ya watu wao, mechi ikaenda mpaka muda wa nyongeza, Congo ikashinda 3-2. Halafu fainali, tarehe 21 mwezi wa kwanza: Ghana tena. Ghana yenye ilikuwa imewafunga siku chache mbele, Ghana yenye ilikuwa inatafuta kombe la tatu mfululizo.

Dakika ya 66 Pierre Kalala Mukendi, mshambuliaji wa Englebert, akapiga goli. Ilibaki dakika 24 za kulinda, upande wa pili wa kiwanja, na golini alikuwa mwenzake wa Englebert. Goli la Ghana halikuingia. Congo ikachukua Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza. Na wakati walichagua mchezaji bora wa mashindano yote, hawakumchagua mwenye alipiga goli la fainali. Walimchagua Kazadi. Ni jambo nadra sana golikipa kupewa heshima hiyo, jana na leo.

Englebert iliendelea kufika fainali ya mabingwa. Mwaka 1969 ilipoteza mbele ya Ismaily ya Misri, 2-2 Kinshasa na 3-1 Cairo. Mwaka 1970 Kotoko ikalipiza kisasi: 1-1 Kumasi, kisha ikaja kushinda 2-1 Kinshasa. Fainali nne katika miaka minne, mbili za kushinda na mbili za kupoteza. Wapenzi wa Kotoko walicheka sana ile siku, na walikuwa na haki.

Kisha inchi ikabadilika jina, tarehe 27 mwezi wa kumi 1971, ikawa Zaire. Majina ya Kikristo yakakatazwa, Robert akabaki Kazadi Mwamba tu. Ekipe ya taifa ikajulikana kama Léopards, Chui. Ikapata kocha Blagoje Vidinić, mtu wa Yugoslavia, mwenye alikuwa amepeleka Maroc kwenye Kombe la Dunia la 1970. Kumbuka kitu kimoja juu ya huyu Vidinić, tutakihitaji: wakati wa ujana yeye mwenyewe alikuwa golikipa, na alikuwa na medali ya zahabu ya Michezo ya Olimpiki ya 1960 kule Roma.

Zaire ilikuwa na ekipe nzuri kweli. Vita Club ilikuwa bingwa wa Afrika 1973. Bwanga Tshimen wa Mazembe, mlinzi mwenye alicheza mbele ya Kazadi katika ekipe zote mbili, alichaguliwa mchezaji bora wa Afrika mwaka ule ule. Wakaishinda Zambia na Maroc, wakawa inchi ya kwanza ya Afrika ya kusini mwa Sahara kwenda Kombe la Dunia. Mwezi wa tatu 1974 wakaenda Misri kucheza Kombe la Afrika. Nusu fainali walikuwa nyuma 2-0 mbele ya Wamisri, nyumbani kwa Wamisri, wakashinda 3-2. Fainali na Zambia ikaisha 2-2, ikarudiliwa siku mbili nyuma yake, Zaire 2-0. Ndaye Mulamba alipiga magoli tisa katika mashindano yale, na hakuna mwenye amezipita hesabu zake. Golini alikuwa Kazadi, kombe lake la pili la Afrika. Mobutu akawapa wachezaji nyumba na magari.

Miezi mitatu nyuma yake walikuwa Ujerumani Magharibi.

Tarehe 14 mwezi wa sita, kule Dortmund, Scotland. Watu wa Ulaya walitegemea magoli mengi. Scotland ilipiga mawili, Lorimer na Jordan, basi. Zaire walicheza mpira wao bila woga. Kwa ekipe ya kwanza kufika kule kutoka upande wetu wa bara, 2-0 haikuwa haya.

Kati ya mechi hiyo na ya pili ndipo mambo yaliharibika. Wachezaji walisikia kwamba feza zenye waliahidiwa hazitawafikia. Wakubwa wenye walisafiri nao walikuwa wengi, na mfuko ulikuwa umetoboka njiani. Wakasema hawachezi. Wakasukumwa, wakakubali kucheza. Wachezaji wenyewe walieleza hayo miaka mingi nyuma yake, na Mwepu Ilunga ndiye aliyaeleza kwa nguvu zaidi.

Tarehe 18, Gelsenkirchen. Mbele yao Yugoslavia, inchi ya kocha wao. Dakika ya 8 Bajević akapiga goli. Dakika ya 14 Džajić. Dakika ya 18 Šurjak. Tatu kwa sifuri, na mechi bado changa. Dakika ya 21 Kazadi akaitwa nje.

Hakuwa ameumia. Golikipa haondolewi hivi. Hata kwenye mpira wa kijiji, golikipa mzima wa mwili anaachwa amalize. Mahali pake akaingia Tubilandu Dimbi wa Vita Club, golikipa mfupi wa kimo mwenye alikuwa na ujuzi wake. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuokota mpira wavuni, sababu goli la nne liliingia dakika ya 22. Katika fujo ya goli lile mwamuzi kutoka Colombia akamfukuza Ndaye Mulamba, kumbe mwenye alimpiga teke ni Mwepu. Wakabaki kumi. Mpaka mapumziko ikawa 6-0, mpaka mwisho 9-0.

Juu ya nini Kazadi alitolewa? Maneno ni mengi. Kuna wenye walisema kocha aliuza mechi kwa ndugu zake, na uvumi huo ulitembea Zaire nzima, bila mtu kuleta ushahidi. Maelezo mengine, yenye Vidinić mwenyewe anahesabiwa kuyatoa, ni kwamba amri ilitoka kwa mtu wa wizara mwenye alikuwa karibu na benchi. Mbele ya watu, kocha ndiye alibadilisha. Kwa maoni yetu maelezo ya amri yana uzito zaidi, sababu mtu mwenye amesimama golini maisha yake yote anajua kwamba magoli matatu katika dakika 20, na ekipe mbele imekataa kukimbia, hayatoki kwa golikipa peke yake. Hatutasema zaidi ya hapo.

Tuhesabu tu. Kazadi akiwa golini dhidi ya Yugoslavia: magoli matatu katika dakika 21. Tubilandu: magoli sita katika dakika 69, na watu kumi mbele yake. Hakuna kati yao mwenye angeokoa mechi ile.

Kisha ikabaki Brazil, tarehe 22, kiwanja kile kile. Wachezaji walisema nyuma yake kwamba watu wa Mobutu walikuja hotelini kuwaonya: wakifungwa zaidi ya magoli matatu, wasifikiri kurudi nyumbani kwa amani. Na golini wakamrudisha nani? Kazadi. Mwenye walimtoa siku nne mbele kama mtu asiyefaa kitu, sasa maisha ya wote yakawekwa mikononi mwake, mbele ya mabingwa wa dunia.

Jairzinho alipiga dakika ya 12. Kisha ikapita karibu saa moja nzima bila goli. Brazil ilikuwa haijapiga goli hata moja katika mechi mbili za mbele, na ilihitaji magoli matatu ili kuipita Scotland. Rivellino akapiga la pili dakika ya 66. Dakika ya 79 Valdomiro akapiga mpira wa chini kutoka pembeni, mpira wenye golikipa wa Addis Ababa angeulalia bila shida. Ukamponyoka, ukaingia. 3-0. Goli lile liliifukuza Scotland kwenye mashindano bila kufungwa mechi hata moja. Upande wa Zaire, lilikuwa goli la mwisho lenye waliruhusiwa kufungwa. Ni mechi ile ile Mwepu alitoka kwenye ukuta na kuubutua mpira wa adhabu wa Brazil mbele ya Wabrazil kuupiga, jambo lenye dunia inalicheka mpaka leo bila kuuliza ni nini kilikuwa kinawangojea Kinshasa.

Goli la nne halikuingia. Kazadi alicheza dakika 201 katika Kombe lile la Dunia na kufungwa magoli manane. La Valdomiro tunamhesabia yeye, wazi. Mengine, mwenye kuona picha za mechi aamue mwenyewe.

Waliporudi hakukuwa na sherehe. Mobutu alihamishia macho kwenye pigano la Ali na Foreman, Kinshasa, mwezi wa kumi ule ule, na wachezaji wa Léopards wakaachwa. Mlango wa kwenda kucheza Ulaya walikuwa wamefungiwa, na gari la zawadi haliwezi kulisha mtu miaka 20. Ndaye Mulamba alifikia kuishi Afrika Kusini kama mkimbizi.

Kazadi alifariki mwaka 1996, hata miaka 50 hajatimiza. Huku kwetu mwaka ule watu wanaukumbuka kwa mambo mengine: kambi za wakimbizi, mabomu, Goma kuanguka mwezi wa kumi na moja, watu barabarani na magodoro kichwani. Mwenye alikuwa anakimbia kutoka Rutshuru hakuwa na nafasi ya kulilia golikipa wa Lubumbashi.

Mazembe ilikaa miaka zaidi ya 40 bila kuchukua tena kombe la mabingwa wa Afrika. Ililipata mwaka 2009, kisha 2010, mara mbili mfululizo sawa na zamani, na Kidiaba golini. Ile ya 2009 ilikuwa ya kwanza tangu 1968, na Kazadi alikuwa na miaka 13 kaburini.